Usimfungie bibi mlango wa ua

Mzee akiteleza uani, wengi wetu hukimbilia kumkalisha ndani. Makala haya yanaeleza kwa nini uamuzi huo waweza kumdhuru zaidi, na jinsi ya kuutengeneza ua ili aendelee na mimea yake kwa usalama.

HUENDA kisa hiki kimewahi kutokea kwenu, au kwa jirani yako wa mlango wa pili. Bibi ameamka alfajiri, amesali, kisha ametoka uani kutazama asumini yake kabla jua halijapanda. Sakafu imelowa kwa maji ya kutawadha. Taa ya uani iliungua wiki iliyopita na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Bibi anainua ndoo, anageuka, mguu unateleza, na kishindo kinawaamsha wote waliolala.

Kwa bahati hakuvunjika. Amechubuka kiwiko na nyonga inamuuma. Jioni watoto wake wanakutana sebuleni kushauriana. Mmoja anasema vyungu vyote vigawiwe majirani. Mwingine anasema mlango wa ua utiwe komeo. Hatimaye bibi anaambiwa kwa upole: "Mama, sasa wewe keti tu. Ukitaka kitu, tuite."

Watoto hao wamesema hayo kwa mapenzi. Lakini mara nyingi, baada ya miezi michache ya "kuketi tu", mzee aliyekuwa akitembea wima huanza kushika ukuta. Magoti hukosa nguvu na pumzi huwa fupi. Na akianguka mara ya pili, haangukii uani tena. Huangukia chumbani, usiku, akielekea msalani.

Ndiyo maana ujumbe wa makala haya ni mmoja: ua usipomfaa mzee, tengeneza ua. Usimwondoe mzee.

Kwa nini wazee huanguka?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na wanaofa zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 60. Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wa umri huo. Karibu kila familia ina mmoja wao.

Kuanguka si ajali tupu iliyoandikwa tu. Umri ukisonga, macho hupungua nuru, na mtoto wa jicho humfanya mtu asitofautishe kidato na kivuli. Misuli ya mapaja hupungua. Mifupa huwa myepesi, hasa kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, hivi kwamba pigo ambalo kijana angelicheka huvunja nyonga ya mzee. Kisha kuna tembe. Dawa za presha, dawa za usingizi na baadhi ya dawa za kisukari huweza kumtia mtu kizunguzungu, hasa anapoinuka ghafla baada ya kuinama juu ya chungu cha maua.

Hata hivyo, kumkalisha mzee hakuponyi lolote kati ya hayo. Uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mazoezi ya kutia miguu nguvu na kumsaidia mtu kusimama imara hupunguza kuanguka kwa takriban robo. Kuchuma rehani, kuinuka na kuketi, kunyoosha mkono ili kukata tawi, yote hayo hukitia kiwiliwili kazini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani hatulifikirii sana. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ambayo mifupa huihitaji. Mama anayevaa buibui kila atokapo, na ambaye siku hizi hatoki sana, hupata wapi jua? Ni uani mwake, palipo na kuta nne na hakuna macho ya watu, ambapo anaweza kukunja mikono ya dera lake akaota jua kidogo. Ukimfungia ua, umemfungia na jua.

Tena ua humpa mzee kazi yenye heshima. Jirani akiwa na harusi, ni kwa bibi anakotuma mtoto kuomba asumini za kutunga na rehani za vikuba. Siku bibi atakapokosa cha kutoa, atajiona ni mzigo.

Bustani zetu zilivyo

Vitabu vingi vya mambo haya huandikwa kwa watu wenye bustani za majani mapana na njia za changarawe. Ndani ya Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni na Kuze, nyumba zimeshonana. Bustani ni vyungu na madebe yaliyopangwa katika ua mdogo wa sakafu ngumu, pengine kando ya kisima, au kwenye ngazi na juu darini. Kule Majengo, ua uko nyuma ya nyumba na humo wapangaji wote hupika, hufua na kuanika. Kizingo na Tudor bado kuna nyumba zenye viwanja na minazi. Popote ulipo, shika karatasi na kalamu, ufuatane na mzee wako mpaka uani, umwache yeye atangulie. Tazama anashika wapi, anasita wapi na anainua nini. Hapo ndipo pa kuanzia.

Anza na sakafu

Adui wa kwanza ni utelezi. Mvua za masika zikianza, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Aprili, sakafu isiyopata jua hufanya utando wa kijani unaoteleza kama sabuni. Usiumwagie maji tu. Usugue kwa brashi ngumu na maji yenye dawa ya klorini, kisha usuuze na uache pakauke. Mzee asiwepo wakati huo. Na usichanganye klorini na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Sakafu ikiwa laini mno, mwite fundi aichonge mistari au aipake rangi iliyotiwa mchanga. Ziba mashimo. Hakikisha maji yana njia ya kutokea yasituame. Mahali pa kutawadhia, weka kigoda imara na mkeka wa mpira usiohama.

Baadaye, fungua njia. Kutoka mlangoni hadi kwenye mimea pawe na upana wa sentimita 90 hivi, bila chungu, jiko, kamba ya kuanikia wala mpira wa maji uliotandazwa. Mpira ukunjwe na kutundikwa ukutani kila unapotumika. Wajukuu waelezwe kwamba baiskeli haina mahali pake hapo. Na kwa kuwa Mji wa Kale hauishi paka, mzee asiwalishe miguuni pake. Sahani yao iwekwe pembeni, mbali na njia.

Taa nayo isisahauliwe. Weka taa yenye nuru ya kutosha, na swichi yake iwe upande wa ndani wa mlango, ili mzee awashe kabla ya kukanyaga nje.

Ngazi na vizingiti

Milango mingi ya nyumba za kale ina vizingiti virefu. Kijana huviruka bila kujua. Mzee huvikwaa. Paka ukingo wa kila kidato na kizingiti mstari wa rangi nyeupe au manjano, wa upana wa vidole vitatu, ili macho yauone hata alfajiri. Kizingiti chenye kimo cha sentimita 30 kigawe mara mbili kwa kujenga kidato kingine mbele yake, ili kila hatua isizidi sentimita 15. Mteremko wa simiti ni mzuri kwa mwenye kiti cha magurudumu, lakini unataka nafasi: kwa kila sentimita 1 ya kimo, unahitaji sentimita 12 za urefu. Mteremko mfupi na mkali ni hatari kuliko kidato.

Penye kidato pawe na mahali pa kushika. Bomba au mti wa mviringo unaojaa kiganja, unene wa sentimita 4 hivi, uwekwe kwenye kimo cha sentimita 90. Tahadhari hapa: ukuta wa matumbawe na chokaa haushiki skrubu kama ukuta wa zege. Lipu ya kale humomonyoka na bomba likang'oka siku ile ile mzee anapolitegemea. Mara nyingi ni afadhali kusimamisha nguzo iliyochimbiwa sakafuni. Fundi akimaliza, lining'inie wewe kwanza kwa uzito wako wote.

Kumbuka pia kwamba Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi. Kuhamisha vyungu hakuhitaji ruhusa ya mtu, lakini kama unakusudia kubomoa ukuta, kupanua mlango au kubadilisha ngazi za mbele, ulizia kwanza kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Na kama nyumba ni ya kupanga au ya wakfu, mwenye nyumba au msimamizi apewe habari.

Inua mimea, usimwinamishe mzee

Kuinama na kuchuchumaa ndiko kunakoleta kizunguzungu na maumivu ya mgongo. Basi badala ya bibi kushuka kwenye mimea, ipandishe mimea kwa bibi. Seremala anaweza kutengeneza meza ya mbao nzito yenye kimo cha sentimita 70 hadi 75. Juu yake panga rehani, nanaa, mshubiri na miche ya pilipili. Bibi ataketi kwenye kiti chenye mikono na mgongo, magoti yakiingia chini ya meza. Kigoda cha mbuzi na vibao vifupi si vya umri huu, kwa sababu kuinuka kutoka chini ndiko kunakomwangusha.

Vyungu vizito vikae chini, pembeni, wala visihamishwe naye. Vyepesi visipangwe juu ya vidato vya ngazi hata kama vinapendeza. Mimea iliyo juu darini, penye ukuta mfupi wa kando, ishushwe.

Asumini ielekezwe kwenye waya ukutani, isipite kimo cha mabega. Mlangilangi hukua ukawa mti mkubwa. Ukatwe mara kwa mara ubaki mfupi, na maua ya juu yachumwe kwa upembo. Mzee asipande ngazi wala kiti. Midimu, mawaridi na maboganvilia yapogolewe yasizibe njia, maana mwiba humshtua mtu akajirusha nyuma. Anayekata mnyaa ajihadhari sana na macho, kwani utomvu wake huunguza jicho na waweza hata kulipofusha. Ukiingia, oshea maji mengi safi na uende hospitalini.

Kwa wale wenye viwanja, kiti cha babu kisiwekwe chini ya mnazi. Mwite mkwezi aangushe nazi zilizokomaa na makuti makavu kabla hayajaanguka yenyewe.

Maji na uzito wake

Debe la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Hakuna sababu ya mtu wa miaka 75 kulibeba. Kwa kuwa mifereji yetu haina uhakika, kila nyumba huweka akiba. Basi kijana wa nyumba ajaze pipa jioni, na mzee achote kwa kata au kopo la lita 1 hadi 2. Mimea haina haraka.

Kisima kiwe na ukingo unaofika kiunoni na kifuniko kizito. Kazi ya kuvuta maji iachiwe wengine kabisa, kwa kuwa kuvuta kamba huku umeinama juu ya shimo hujaribu mgongo, moyo na uimara wa miguu kwa wakati mmoja.

Jua, kiu na dawa

Kati ya Desemba na Machi, joto la Mombasa hupita nyuzi 30 na hewa huwa nzito. Mzee hahisi kiu kama kijana, na baadhi ya tembe za presha huongeza mkojo na kupunguza maji mwilini. Kazi ya uani iwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Chupa ya maji iwe karibu naye. Daktari akiwa amempangia mzee kiasi cha maji, kwa sababu ya moyo au figo, afuate kiasi hicho. Wakati wa Ramadhani, kazi ipungue na ifanywe asubuhi mapema.

Anapotaka kuinuka, akae kwanza kwa muda wa pumzi kumi, achezeshe nyayo, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Kizunguzungu kikimrudia, apelekwe kliniki na dawa zake zote zikiwa kwenye mfuko mmoja, ili daktari azitazame pamoja. Asiache tembe kwa shauri la jirani.

Viatu na nguo

Kandambili zilizolika huteleza, na champali zisizoshika kisigino huachwa nyuma mguu unapogeuka. Mnunulie kiatu chepesi kinachofunga nyuma, chenye soli ya mpira yenye mikwaruzo. Leso ifungwe juu ya vifundo vya miguu; dera na kikoi visiburure.

Mwenye kisukari asikanyage ua miguu mitupu hata kidogo. Ugonjwa huo huweza kuua hisia za nyayo, akachomwa na mwiba au akaungua kwa sakafu ya mchana asijue. Kila jioni, mjukuu mwenye macho makali amtazame nyayo na katikati ya vidole. Kidonda kidogo kisingojee. Vilevile, ulizia kliniki kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mbu wa mchana

Mombasa imekumbwa na homa ya dengi mara kadhaa, ikiwemo miaka ya 2013 na 2014, na chikungunya mwaka 2004, kisha tena kuanzia mwisho wa 2017. Mbu anayeeneza maradhi hayo huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, saa zile zile ambazo mzee yuko kwenye mimea. Na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: visahani chini ya vyungu, makopo, na mapipa yasiyofunikwa. Chikungunya ikimpata mtu mzima, maumivu ya viungo huweza kukaa miezi.

Chagua siku moja ya wiki, tuseme kila Ijumaa asubuhi, mwage visahani vyote na usugue kuta zake, kwa kuwa mayai hunata. Jaza visahani mchanga. Mapipa yafunikwe barabara. Mzee akipata homa kali, apewe parasetamoli na apelekwe kupimwa. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya vipimo, maana dengi huweza kusababisha kutoka damu. Mwenye kutumia aspirini kila siku kwa ajili ya moyo amuulize daktari.

Akianguka

Usimvute juu mara moja. Mwache atulie, umuulize panapouma. Kama hawezi kuukanyagia mguu, au mguu umekuwa mfupi na umepinduka nje, yaelekea nyonga imevunjika. Asikandwe wala kunyooshwa. Ahamishwe akiwa amelala juu ya kitu kigumu hadi Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali nyingine yenye eksirei. Aliyegonga kichwa, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hata kama anasema hajambo.

Vichochoro vyetu vingi havipitishi gari. Kubalianeni leo gari au tuktuk itasimama wapi, na ni vijana gani wa mtaa watakaobeba. Mzee awe na simu mfukoni, au filimbi shingoni. Asiye na maumivu makali na afundishwe kuinuka: ajigeuze ubavu, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti imara, ashike, aweke mguu mmoja mbele, ndipo anyanyuke.

Kila siku, afanye zoezi dogo: kuinuka na kuketi kitini mara tano hadi kumi, na kusimama kwa vidole vya miguu akiwa ameshika meza. Mtu awe karibu naye siku za mwanzo.

Mwulize mwenyewe

Ndugu msomaji, hayo yote usiyafanye bila kumshirikisha mwenye ua. Mzee akirudi kutoka safari akakuta vyungu vyake vimehamishwa, ataona ameporwa, na usiku atavirudisha mwenyewe gizani. Keti naye. Mwambie, "Bibi, tunataka uendelee na asumini zako. Tufanye nini usianguke?" Huenda akakuonyesha kidato ambacho kimekuwa kikimtisha miaka mitatu na hajasema, akichelea kufungiwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Brashi, kopo la rangi, taa na kiti chenye mikono havimshindi mtu. Leo jioni, kabla ya Maghribi, fungua mlango wa ua na utoke pamoja naye. Mwache atangulie, nawe ukague kila mahali anapokanyaga.